Umbali wa Salamu

Jumatatu, 8 Septemba

Kuanzia leo nalipwa kwa kazi ambayo mama yetu alikuwa ananichapa kwa ajili yake: kutazama watu. Injinia Arinaitwe, mwanamke wa Mbarara anayechora ramani za viwanja, ameniambia niende kila siku kwenye kile kiwanja cha Misiera, kati ya maduka na bomba la maji. Niangalie nani anakaa, nani anapita tu, na nani angependa kukaa lakini hakai, kisha niandike. Nikamuuliza niandike namna gani. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba niandike tu kama naongea na mimi mwenyewe. Hilo naliweza sana.

Shirika letu linataka kiwanja hicho, ambacho leo ni vumbi na mbuzi wa watu, kiwe mahali pa kupumzisha akili. Injinia anasema watu wa Nakivale, kambi yetu hii ya wakimbizi hapa Uganda, wana pa kulala, wana pa kulima, wana pa kupanga foleni, ila pa kukaa bila sababu hawana. Nimelipenda hilo, nikalirudia njia nzima. Kamati ya kijiji imekubali kwa sharti moja: mvua zikiisha na watu hawakitumii kiwanja, kinagawanywa kwa wenye maduka. Mwenyekiti Melchior, Mrundi anayeuza sabuni na chumvi, hakuficha kwamba yeye anayangoja hayo maduka.

Mimi nangoja kingine. Dada yangu mkubwa, Viviane, ambaye kwa desturi yetu namwita yaya, aliuza vitenge soko la Kiliba, kwetu Kongo, na ulikuwa unamsikia kabla ya kumwona. Tangu tufike hapa anashinda ndani, mlango umerudishwa. Hutoka alfajiri kuchota maji kabla watu hawajaamka, basi. Tulipokuwa tunakimbia, watu walitawanyika njiani, na mwanawe Bienvenu hakuonekana tena. Hatujui kama yuko hai. Nataka yaya atoke, akae nje kati ya watu. Nikilipata hilo tu, nitawaachia maduka yao wajenge hadi mlangoni kwangu.

Jumatano, 10 Septemba

Vumbi. Waliokaa kiwanjani: mbuzi.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkutano wa kijiji. Injinia alieleza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri. Alipofika kwenye maelezo ya mahali penye majani, maua na viti vya kupumzikia, nikatafuta neno upesi, nikasema bustani. Mimi nilikulia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa shangazi, kabla ya kurudi Kiliba, ndiyo maana yaya hunicheka kwamba nasema kama redio. Kwenye kitabu chetu cha shule kulikuwa na picha ya bustani, na ndani yake maua na vipepeo.

Watu walipiga makofi, wengine wakasimama. Hata Mukandayisenga, bibi mmoja wa Kinyarwanda ambaye sijawahi kumwona akimpigia mtu makofi, leo alipiga. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamwambia yaya kwamba watu wanaitaka mno bustani yetu. Akanitazama kidogo, akarudi kuchambua maharage yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Walikuja na majembe.

Nilipofika asubuhi kiwanja kilikuwa kimejaa. Mukandayisenga alikuwa ameshafika kabla ya wote, amepigilia vijiti vyake kando ya mtaro, na mbegu za maboga amezifunga kwenye pembe ya kitenge. Wengine walikuwa wanagombania mipaka. Ndipo nikakumbuka, na jasho likanitoka: kwetu Kivu bustani ni fasi ya kulima mboga, mahali pa jembe. Nyingine hakuna. Mtu akikuambia ana bustani unamuuliza amepanda nini, humuulizi kuhusu vipepeo.

Injinia alikuja na kamba ya kupimia akakuta kamba za watu zimeshatangulia. Melchior alicheka mpaka akashika nguzo ya bomba. Alisema hizi ndizo faida za kuajiri watu waliosoma. Niliona haya kweli, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ningemwambia nani arudishe jembe? Injinia akakuna kichwa, akakata shauri: ukanda wa nyuma, kando ya mtaro, uwe wa wenye majembe kwa sasa. Mbele zitakuja njia ya kokoto, mabenchi na maua.

Jioni nikamuuliza yaya kwa nini hakunionya jana, naye alijua. Akasema alidhani najua ninachosema. Kisha akacheka. Sijaona meno ya dada yangu tangu Kiliba, kwa hiyo aibu yangu imelipa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda Mbarara na Injinia kuchagua mbao za mabenchi. Alipokuwa anabishana bei nikaomba nikae penye majani, kati ya barabara mbili, ambapo watu wa mji hupumzika mchana. Nikaanza kazi yangu ya kutazama. Watu hawakai kwenye viti tu. Wanakaa kwenye kingo za saruji, kwenye mizizi, kwenye ngazi za duka lililofungwa. Kijana alilala kabisa, viatu chini ya kichwa.

Lakini lililonishangaza ni lingine. Nilikaa pale hadi nikamaliza chapati na mayai, ile wanayoiita rolex, na hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyenisalimu. Mwanzoni mabega yakanilegea, nikasikia raha ngeni, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Halafu nikaogopa kidogo. Nikawaza kwamba ningekufa palepale wangenipita tu. Nilimwambia Injinia mambo yote mawili, raha na woga. Akasema nisichague, niandike yote mawili.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua ya kwanza! Yaya alifungua mlango, akaweka beseni nje, akafunga.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mabenchi yamekamilika na ni mazuri, mbao zimepigwa randa mpaka zinateleza. Njia ya kokoto inapita mbele ya kila benchi ili mama mwenye ndoo asikanyage tope. Mabenchi yote yanatazama bondeni, upande wa ziwa, kwa sababu Injinia anasema jicho likienda mbali akili nayo inapumzika.

Hakuna anayekaa. Watu wanayapapasa, wanayasifu, wanaenda zao.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilisema tatizo ni jua. Tukaweka kivuli cha turubai. Hakuna aliyekaa.

Leo nimeacha kukisia, nikauliza. Eliezeri, fundi cherehani wa kutoka Fizi, aliyehangaika sana njiani kabla ya kufika hapa, alinijibu huku anashona, bila kuinua kichwa. Alisema mtu aliyekimbia hapana kupea barabara mugongo. Ziwa ni zuri, akasema, lakini kinachokuja kukuua hakitokei ziwani. Nimeyatazama mabenchi hayo siku zote, na mimi mwenyewe sijawahi kukaa juu yake, wala sikujiuliza kwa nini.

Nilimpigia Injinia simu. Akasema tuyageuze kesho.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tumeyageuza yakatazama barabara, tukaihamisha na njia ya kokoto ipite mbele yake. Kabla ya saa sita wanaume walikuwa wamekaa na mchezo wao wa vizibo vya soda, wanagombana vizuri kabisa. Melchior mwenyewe alikaa, akasema anapima ubora wa mbao.

Wanawake bado. Wanapita na ndoo, wanasalimia, wanakwenda. Lakini nimefurahi. Jumapili namleta yaya, hata kwa kumbeba.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui kama nimefanya vema au nimeharibu. Naandika jinsi ilivyokuwa.

Yaya alikubali. Nilimsumbua tangu jana, nikamwambia nitampikia ugali wa muhogo na sombe, kile kisamvu chetu, nikamwambia akikaa kidogo tu sitamwomba tena mpaka Noeli. Akavaa kitenge chake cha kijani, kile alichokificha tusikiuze. Tulikaa benchi la katikati, lenye kivuli. Alishika mikono yake miwili juu ya magoti, akatazama wanaume wakicheza, na nikaona shingo yake inalegea. Nikajisemea moyoni, Olga, umeweza.

Basi misa ikaisha. Waumini wakashuka kwa njia yetu ya kokoto, na njia hiyo inapita hatua mbili mbele ya magoti ya aliyekaa. Wa kwanza akatusalimu. Habari ya asubuhi, habari ya nyumbani, batoto beko bazima? Mimi nikajibu kwa niaba yetu sote. Akaja wa pili. Habari, mama, na batoto? Akaja mume na mke, wakasimama kabisa, kwa heshima, wakampa yaya mkono: amani kwenu, habari ya watoto. Nyuma yao Pulchérie, mama mmoja Mrundi wa kwaya, mwenye moyo mzuri kuliko wote, akainama mbele ya yaya, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajawahi kumwona, yeye ni mama nani, ana watoto wangapi?

Yaya alitoa mkono wake. Akasimama, akaenda. Hakukimbia. Alitembea moja kwa moja kwenye tope, nje ya njia, mpaka nyumbani. Pulchérie aliniuliza amekosea nini, nami nikamwacha hapo, nikamfuata yaya.

Nilimkuta amelala amegeukia ukuta. Nikakasirika. Nikamwambia watu wanamsalimu kwa wema na yeye anawageuzia mgongo, kwamba amelizoea giza, kwamba na mimi nilimpenda Bienvenu. Nikapika ile sombe niliyoahidi, tukaiacha yote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Hajala.

Alhamisi, 16 Oktoba

Amekula kidogo. Hatuongei. Kiwanjani wanaume na vizibo vyao. Mukandayisenga anapalilia maboga. Mimi natazama watu na siwaoni.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo yaya amesema.

Mvua ilikuwa inapiga bati, hata sauti ya jirani haikusikika, nadhani ndiyo maana alisema. Nilikuwa nimemwomba radhi kwa lile neno la giza. Akaniambia si watu anaowaogopa. Watu anawapenda, aliishi kwa watu. Anaogopa swali lao.

“Banauliza batoto beko bazima. Nikisema ndiyo, nasema uongo. Nikisema amekufa, ni mimi namuzika. Mi nitajibu nini, Olga? Kila mutu anayepita, nijibu nini?”

Nikamwambia aseme tu kwamba hajui. Akatikisa kichwa. Alisema ukisema hujui, mtu anasimama, anataka kujua ilikuwaje, ilikuwa wapi, alivaa nini, na unamsimulia barabarani wakati ndoo iko kichwani mwake. Kisha anakuja mwingine. Mlangoni kwake hapiti mtu, kwa hiyo hakuna anayemuuliza. Ndiyo sababu anakaa ndani, hakuna nyingine.

Nililia kuliko yeye. Mwaka mzima nimekuwa nikidhani dada yangu anakimbia jua, na kumbe anakimbia neno ambalo mimi mwenyewe nalisema mara ngapi kwa siku, bila hata kungoja jibu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikulala vizuri, lakini kichwa kinachemka. Leo sikutazama watu wanakaa wapi. Nilitazama wanasalimiana wapi.

Njia ile! Sisi ndio tuliopitisha njia mbele ya magoti ya watu. Hapa kwetu ukimpita aliyekaa karibu usimsalimu, umemtukana, na ukimsalimu lazima uulize nyumbani, mume, watoto, kwa utaratibu wake, usiruke. Kwa hiyo kila aliyekaa kwenye benchi letu la kupumzisha akili anafanya kazi ya kujibu tangu anapokaa mpaka anapoinuka. Wanaume wa vizibo wamesamehewa kwa sababu wako katikati ya ugomvi. Wanawake hawakai. Nani kati yetu hapa hana mtoto ambaye hajui ajibu nini akiulizwa habari zake?

Jumatano, 22 Oktoba

Najifanyia majaribio. Nimebeba kigoda cha jikoni, nikakaa karibu na njia: salamu nzima, mpaka habari ya mbuzi, na mbuzi sina. Nikarudi nyuma kidogo: salamu nzima, kwa sauti ya juu. Nikarudi tena, karibu na mti mchanga wa mgrevilea: mtu ananyanyua mkono, nanyanyua wangu, anapita. Kwisha! Ananiona, namwona, hakuna aliyemtukana mwenzake, na hakuna aliyeniuliza kitu. Si kama Mbarara, ambako hawakukuona kabisa.

Watu wanasema Olga wa shirika ameanza kurukwa na akili, anahamisha kigoda kiwanjani kutwa. Bienfait, anayeuza vocha, aliniuliza kama natafuta mtandao.

Ijumaa, 24 Oktoba

La ajabu zaidi. Mukandayisenga analima karibu kabisa na njia ya kuteremkia bombani, watu wanakaribia kumkanyaga, lakini hawamuulizi watoto. Nimesikiliza asubuhi nzima. Kila anayepita anasema pole na kazi. Naye anajibu aksanti, bila hata kuinua mgongo. Yamekwisha. Aliyeinama na jembe anasalimiwa jembe lake.

Nilikwenda kumuuliza kama amelitambua hilo. Akasema hapana, hajawahi kuwaza, yeye anawaza maboga.

Jumatatu, 3 Novemba

Habari mbaya. Wageni wa shirika wanakuja mwisho wa mwezi kutoka Kampala, na mkubwa wetu ameagiza mboga zing'olewe, maua yapandwe mpaka kwenye mtaro, kwa sababu kwenye ramani hakuna maboga. Melchior alipopata habari alisema kwa maua hayo kiwanja kitakuwa kimekufa kabla ya Noeli, naye ameshapanga duka lake litazame wapi.

Nimempigia Injinia. Amesema anakuja.

Alhamisi, 6 Novemba

Injinia amekuja, nikamkalisha kwenye kigoda changu. Nilimweleza yote, hata ya yaya, kwa ruhusa ya yaya. Nikamtembeza kutoka pa salamu nzima hadi pa mkono tu. Aliufuata mchezo huo kwa hamu, akahama mwenyewe huku na huko, akasalimiwa, akajibu, akahama tena. Tope lilimfika kwenye vifundo vya miguu.

Akacheka, akasema kwao Ankole ni hivyohivyo. Mjini Mbarara akimwona shangazi yake anavuka barabara ili amkwepe, kwa sababu shangazi atamuuliza habari ya ndoa, na ndoa imekwisha. Hakuwa amewahi kuniambia hilo. Tukatazama wanaume na vizibo.

“Mimi nilisoma umbali ya taa, umbali ya mti,” akasema. “Umbali ya salamu hakuna mtu alinifundisha.”

Akatoa ramani, akaufuta mstari wa njia. Njia itapinda, iache mabenchi kadhaa mbali, na kati yake na njia patakuwa na matuta ya lengalenga, ambazo yeye anaziita dodo na mimi kwa Kiswahili cha redio naita mchicha. Anayetaka kusalimiwa atakaa benchi la mbele. Asiyetaka atakaa nyuma ya mchicha. Kwa mkubwa wetu ataandika kwamba mboga ni sehemu ya kazi, akikataa ataandika tena.

Jumanne, 11 Novemba

Njia imepindwa. Leo wanawake wawili walikaa nyuma ya matuta wakachambua dagaa. Yaya nimemweleza kila kitu, nikamchorea kwa kidole kwenye unga. Alisikiliza. Hakuja.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua imenyesha tangu jana bila kukoma na mtaro umepasuka. Maji yameingia bustanini. Maboga yanaelea, maharage ya Mukandayisenga yamelala kwenye tope, na yeye mwenyewe ana homa, wamempeleka kliniki ya Base Camp, makao makuu ya kambi, anatetemeka. Mara ya mwisho kumwona alikuwa juu ya pikipiki, kati ya dereva na mjukuu, anauliza nani atayainua maharage yake.

Nilifika nyumbani nimelowa, nikayasema hayo nikitafuta kitambaa cha kujifutia. Sikusema kwa ujanja, naapa. Nilikuwa nasema tu. Nilisema watu wote wanaokoa ya kwao, na maharage ya bibi yakilala mpaka kesho yameoza.

Yaya akauliza kama yamekwisha kutoa maua. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mizizi iko nje. Nikasema sijui, mimi natazama watu. Akasonya, akachukua jembe nyuma ya mlango, akafunga kitenge kiunoni, akatoka. Mchana kweupe, mvua inanyesha.

Nilimfuata kwa mbali, niliogopa hata kumuita. Alifungua maji kwanza, akachimba kijito kuyarudisha mtaroni. Kisha akaenda mche kwa mche, anainua, anashindilia udongo kwa kiganja. Watu walikuwa wanapita mbiombio kwenda kuziba nyumba zao. Kila mmoja alisema. Pole na kazi, mama. Pole na kazi. Mara ya kwanza mgongo wake ulikakamaa, nikaona. Akajibu aksanti, polepole, kama anaonja. Mtu huyo akapita zake. Wa pili akapita zake. Wa tatu yaya alimjibu kwa sauti, akaongeza aangalie daraja la mtaro linateleza.

Alirudi kabla ya giza, tope hadi mapajani, akaniomba maji ya moto. Akasema udongo ule ni mzito, bibi amepanda karibukaribu, ndiyo maana. Akasema atarudi asubuhi kwa sababu upande wa chini haujakwisha. Nikajifanya natafuta sabuni ili asinione uso.

Jumamosi, 15 Novemba

Amekwenda.

Jumatatu, 17 Novemba

Amekwenda tena. Mimi namtazama nikiwa nyuma ya duka la Eliezeri. Eliezeri anasema nitapata kazi ya upelelezi.

Ijumaa, 21 Novemba

Mukandayisenga ametoka kliniki, amekonda, amekuja kukagua. Alilalamika kwamba mistari haiko sawa. Kisha akampa yaya tuta moja liwe lake kabisa. Yaya anataka vitunguu.

Jumapili, 30 Novemba

Pulchérie alipita baada ya misa. Nilimwona anapunguza mwendo kando ya tuta la yaya, na nikajua hatasema pole na kazi, kwa sababu ni Jumapili na kwa sababu yeye ni Pulchérie. Nilitaka kukimbia nimzuie. Sikuwahi.

Alimwomba radhi kwa siku ile. Halafu akauliza, kwa upole, kama ana watoto. Yaya hakuinuka. Aliendelea kung'oa magugu, na akajibu akiwa ametazama chini:

“Mumoja. Anaitwa Bienvenu. Sijue fasi eko.”

Pulchérie hakuuliza ilikuwaje. Alikunja gauni lake la kwaya, akachuchumaa upande wa pili wa tuta, akaanza kung'oa naye. Walifika mwisho wa mstari wote wawili pamoja. Usiku yaya alikula vizuri, akaniuliza kama Warundi wote hung'oa na vitunguu.

Ijumaa, 5 Desemba

Wageni wa Kampala, waliochelewa wiki moja, wamepiga picha za maua, kisha wakaomba wapigwe picha na maboga. Mkubwa wetu sasa anasema maboga yalikuwa wazo la shirika.

Jumanne, 9 Desemba

Kamati imekaa. Mvua zimepungua na siku ya sharti imefika. Melchior amepata nusu ya alichotaka: ukanda wa mbele, kando ya barabara, utakuwa wa maduka, na mabenchi mawili yatahamishwa. Nyuma yote inabaki wazi, mabenchi ya mchichani, matuta na mtaro. Nilitaka kubisha nusu ile. Injinia akaninong'oneza kwamba ukuta wa maduka utatukinga na vumbi, na wenye kuogopa barabara watakuwa na kitu kati yao nayo. Sijakubali bado, nitatazama.

Jumamosi, 13 Desemba

Basi la waliofika wapya lilishusha watu jana Base Camp, wengine wameletwa kwa jamaa zao huku. Asubuhi hii mama mmoja alikuwa amekaa benchi la mwisho nyuma ya mchicha, peke yake, furushi halijafunguliwa, kanga amejifunika hadi mdomoni. Sikumjua. Alikuwa ametazama mikono yake tu.

Yaya alikuwa anarudi kutoka bombani, jembe begani. Angeweza kupita njiani na kunyanyua mkono, ndivyo tulivyopanga fasi ile. Aliiacha njia. Akapita kati ya matuta mpaka mbele ya yule mama, na mimi nikashika pumzi, kwa sababu pale ni karibu mno, pale ni pa salamu nzima, nyumbani, mume, watoto.

“Pole na kazi, mama,” yaya akamwambia.

Yule mama akainua uso. Hakuwa na jembe, hakuwa na ndoo, hakuwa na chochote mkononi. Akamtazama dada yangu kwa muda mrefu.

“Aksanti,” akasema, akasogeza furushi ili yaya akae.